Kufuli Chini ya Geti

Geti lenyewe lilikuwa mti mmoja tu wa mkaratusi uliolazwa juu ya panda mbili, upande mmoja umefungwa jiwe kwa waya ili uwe mwepesi kuinua. Ukilitazama unacheka. Lakini mti ule ulikatiza barabara inayoingia Bariadi kutoka upande wa Ngulyati, na hakuna gunia wala debe lililopita chini yake bila kuandikwa. Mwandishi nilikuwa mimi.

Enzi zile za ruksa, karibu kila kitu kilikuwa kinauzwa, na barabara nayo ikauzwa. Halmashauri ilichoka kukimbizana na watu kwa ajili ya ushuru wa mazao, ikautangazia tenda. Tajiri mmoja wa mjini akalipa ushuru wa mwaka mzima kwa mkupuo, na kuanzia siku ile kilichopatikana getini kilikuwa chake. Kikizidi alicholipa, faida yake. Kikipungua, shauri yake. Mbele yake tulimwita wakala. Nyuma yake watu walimwita mwenye barabara, na aliyemtungia jina hilo hakukosea.

Alinichukua kwa sababu ya mwandiko. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama ambazo mpaka leo sizitaji, binti nipo nyumbani napalia pamba na kununa. Akanipa kitabu cha risiti, meza, mwavuli uliotoboka, na mgambo mmoja mtu mzima mwenye kirungu na usingizi.

Mwanzoni kazi ilikuwa tamu. Watu walisimamisha baiskeli na mikokoteni yao, tukasalimiana, na kusalimiana kwetu Wasukuma si jambo la neno moja. Utaulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, za mgonjwa uliyemwacha kitandani, mpaka mgeni ambaye si wa kwetu aanze kudhani tunagombana. Baada ya hapo ndipo wananitukana kwa ajili ya ushuru. Nami nilikuwa na ulimi mkali, nawajibu papo kwa papo, na mshahara wangu wa kwanza ulimnunulia mama bati za jiko.

Wasiotaka kulipa walizunguka mbugani. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, mbuga yote upande wa kusini ilijaa mazigazi, na ndani yake niliwaona wakipita na mizigo vichwani, mstari mmoja, mbali sana, bila miguu. Joto lilikuwa limewakata magotini. Hawakugeuka kututazama na sauti zao hazikufika. Mgambo aliwafuata mara moja tu. Alirudi ameloa jasho, akaniambia kwamba kila alivyosogea nao walisogea, na alipofika pale alipowaona hakukuta hata unyayo. Nikamwambia mbuga ikikauka haishiki unyayo. Tangu siku hiyo alikaa akiipa mbuga mgongo.

Wakala alikuwa mtu wa kanisa, asiyekosa Jumapili, na mikono yake aliitunza safi kama ya mkunga. Alipogundua kwamba nusu ya choroko na pamba inapita kule kwa wasio na miguu, hakugomba. Siku ya mnada iliyofuata alikuja na pikipiki yake mapema, wakati foleni imeshapangana, akanipa kitu kilichoviringishwa kwenye gazeti. Ndani mlikuwa na kufuli jipya, limeshafungwa, na kipande cha kitambaa chekundu.

"Chimba hapa," akasema, akionyesha katikati ya barabara, chini ya mti. "Livishe kitambaa, fukia."

"Ni nini hiki, bosi?"

"Kufuli. Huoni?"

"Na ufunguo wake?"

"Ufunguo hauna kazi. Wakikuuliza, nyamaza. Wewe nyamaza tu, mengine watayasema wenyewe."

Nilielewa, maana hakuna mtoto wa kwetu asiyejua zindiko. Shamba huzindikwa, zizi huzindikwa, na mwizi akiingia hukutwa asubuhi amesimama palepale na mhogo mkononi mpaka mwenye mali aje amwachie. Mimi nilisoma, nilibatizwa, niliyacheka mambo hayo. Nikapiga magoti mbele ya foleni nzima, nikachimba kwa jembe la mgambo, nikalizungushia kufuli kitambaa mara saba. Wakala hakunituma mara saba. Hiyo saba ilikuwa ya kwangu, nogesho, na niseme ukweli, nilifurahi kuona watu wazima wakinitazama kwa hofu.

Kufikia Jumapili habari zilishaiva. Anayezunguka geti bila kulipa, kinywa chake kitafungwa, na hakuna wa kumfungulia. Mbugani kukawa kweupe. Nilikuwa nikikodoa macho kwenye mazigazi saa sita nisione mtu hata mmoja, na niligundua kwamba kutowaona kulinitisha kuliko kuwaona. Wote walihamia barabarani. Wakala akanunua pikipiki ya pili.

Lakini geti likawa bubu. Watu walikuja wamefumba midomo, wakanyoosha pesa, wakachukua risiti, wakapita. Kina mama waliwaziba watoto vinywa kwa kiganja mpaka watoke upande wa pili. Ng'ombe wa mikokoteni walifika pale kwenye udongo uliochimbwa wakagoma, wakanusa, wakakoroma, mpaka wapigwe. "Mwadila, mayu," nilisalimia kama unavyomsalimia mama, na mwanamke ambaye mwezi uliopita alinieleza mambo yote ya ndoa yake alinipita kana kwamba pale imekaa picha yangu tu. Kwetu usipoitikiwa salamu, ama umekosea jambo kubwa, ama umeshakufa na hujaambiwa.

Siku zikaenda, nami nikaanza kupaogopa. Nilijua kilichomo chini, nilikifukia mwenyewe, na bado nilikuwa narefusha hatua nisipakanyage. Niliamka asubuhi taya limekaza, na kabla sijateremka kitandani nilitamka jina langu kwa sauti nihakikishe linatoka.

Ilikuwa Ijumaa, saa saba hivi, upepo ukisokota vumbi barabarani, nilipouona mkokoteni unakuja peke yake. Ng'ombe wawili, na mbele yao mwanamke wa makamo akiwavuta kwa kamba. Juu ya mkokoteni kulikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa amelala chali, kofia usoni, blanketi mpaka kifuani. Mwingine, kijana wa umri wangu, aliegemezwa kwenye gunia. Mgambo alisimama akatazama, kisha akasema anakwenda haja. Sikumwona tena siku hiyo.

"Mwadila, mayu," nikasema.

Hakuitika salamu. Alisimamisha ng'ombe, akaniambia kwa Kisukuma, "Nimemleta alipe."

"Nani, mayu?"

"Mzee wangu. Jumatano alipita kule na magunia mawili ya choroko, yeye na huyu mwanawe. Nilimkataza. Akanicheka, akasema kufuli ni chuma, haliwezi kula choroko. Andika risiti."

Nikazunguka mkokoteni kumsalimia mzee, maana adabu ni adabu. "Mwadila, baba." Nzi walikuwa wengi. Chini ya kofia niliona kitambaa cheupe kimepita kidevuni na kufungwa utosini, kama tunavyowafunga maiti wetu mdomo usibaki wazi, na mkono uliotoka blanketini ulikuwa na rangi ya majivu. Nilishika gurudumu.

"Alikufa alfajiri," mwanamke akasema. "Jana usiku kinywa kilimfungika. Akatokwa mate, akatetemeka, neno halikutoka. Sasa kufuli limemshika huyu."

Kijana alikuwa akinitazama. Mate yalimtiririka shingoni, na misuli ya mashavu yake ilicheza yenyewe chini ya ngozi. Mboni za macho yake zilikuwa ndogo mno, kama nukta ya kalamu, na nguo zake zilitoa harufu niliyoijua lakini sikuipatia jina. Alifungua midomo. Haikutoka hata pumzi ya sauti.

Niliuliza wako wapi majirani. Kwetu msiba hauendi peke yake. Hata mtu mbaya huzikwa na kijiji kizima. Akasema walimsaidia kupakia, kisha wakarudi nyuma, kila mtu kiganja mdomoni. Aliwavuta ng'ombe wale tangu asubuhi yeye mwenyewe. Mume hawezi kuzikwa na deni la geti, kwa sababu deni litahamia kwa mtoto, na huyo alikuwa ndiye mtoto wake mmoja aliyebaki.

"Andika," akasema. "Aachiwe mwanangu."

Nikaandika. Mpaka leo sijui kwa nini, labda kwa sababu kuandika ndiyo kazi niliyoijua. Niliandika jina la marehemu, magunia mawili, choroko, nikatia saini. Akalipa kamili. Akaichukua risiti, akaisukuma ndani ya mfuko wa shati la mumewe, akaupiga mfuko kofi dogo kama anayemkumbusha asiipoteze. Halafu akamgeukia mwanawe, akasubiri.

Tulisubiri wote wawili. Ng'ombe walicheua. Upepo uliinua kofia ya mzee kidogo ukairudisha. Mimi, niliyebatizwa, nilimtazama yule kijana midomoni nikimwomba Mungu kwa moyo wote aseme neno lolote, hata tusi.

"Mbona hasemi?" mwanamke akauliza. "Umeandika vizuri?"

Hapo nikashindwa. "Mayu, hapo chini hamna kitu. Ni kufuli la dukani. Ni mimi niliyelifukia."

"Najua ni wewe. Tulikuona wote."

"Mlichoona ni mchezo! Nakuapia. Kijana huyu ni mgonjwa, mpeleke hospitali, hospitali ile pale mjini, ukishapita geti si mbali."

"Hospitali wana ufunguo?"

Nilichukua jembe nikachimba kama mwenda wazimu. Nilitaka alione kwa macho yake, lilivyo dogo, lilivyo la bei rahisi. Nikalitoa, nikafungua kitambaa, mzunguko baada ya mzunguko, na nilipofika wa saba niliona uso wake nikajua nimeharibu. Kwa muda wote ule kufuli lilikuwa maneno ya watu. Sasa lilikuwa kiganjani mwangu, lina kutu, limefungwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Yule mama alirudi nyuma hatua mbili, akapiga magoti kwenye vumbi, mtu wa kunizaa, akanipigia makofi ya taratibu kama wanavyopigiwa wakubwa.

"Fungua," akasema. "Tafadhali, mwanangu. Fungua."

Ningeweza kuendelea kumweleza. Ningesema sumu, ningesema homa, ningesema shule niliyosoma. Na kijana angefia palepale huku nikiwa na haki. Niliweka kufuli juu ya jiwe, nikachukua jiwe lingine, nikalipiga. Halikukubali. Nililipiga tena na tena mpaka kidole changu kikapasuka, mpaka likaachia na kuruka vipande. Nilisimama, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua, sauti ambayo sikuwa nayo kabla ya siku ile:

"Nimefungua mlango. Lakini yupo ndani sana, hawezi kutoka peke yake. Anayemshika mkono kumtoa ni daktari, kwa sindano. Tukichelewa, mlango utajifunga."

Aliinuka mara moja. Niliinua mti, nikashika kamba ya ng'ombe mmoja, yeye wa pili, tukakimbia nao. Kitabu cha risiti nilikiacha mezani, upepo unafunua kurasa.

Hospitalini walimpokea haraka. Mzee tulimwacha mkokotenini kivulini, risiti yake mfukoni. Daktari alikuwa mgeni wa huku, hakijui Kisukuma hata salamu, na yule mama Kiswahili hakuwa nacho, kwa hiyo nilisimama katikati yao. Alimfunua kijana macho kwa kidole, akamnusa nguo, akaita sindano kwanza, ndipo akaniambia nimuulize walikula nini.

"Choroko," mama akajibu. "Tulizobakiza za mbegu. Walirudi Alhamisi na njaa, nikazipika."

"Na yeye alikula?"

Hakula. Jino lilikuwa linamuuma, alikunywa uji.

"Muulize kama choroko hizo waliziwekea dawa."

Nilimuuliza, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulipata nuru kidogo, ile ya mwanamke anayesifiwa ghala lake. "Ndiyo," akasema. "Niliziwekea mwenyewe, kwa mikono yangu. Ile dawa ya kunyunyizia pamba, ilibaki kwenye chupa ya soda. Hazijaguswa na mdudu hata mmoja."

Ndipo harufu ile ikapata jina. Nilimtafsiria daktari. Alifumba macho kidogo, kisha akasema taratibu, "Mwambie. Mwambie ni hiyo dawa iliyomuua mumewe. Lazima ajue, asije akapika nyingine."

Mama alikuwa ananitazama, akingoja aletewe maneno kwa lugha yetu. Viganja vyake vilikuwa wazi mapajani. Nilimwangalia, nikasema kwa Kisukuma: "Anasema chakula chote cha nyumba ile kimeguswa na kufuli. Choroko zote, mahindi yote, chimbeni shimo mfukie. Asionje mtu wala kuku. Na ile dawa ya chupa nayo ifukiwe humohumo, isiguse chakula tena milele."

"Nitafanya," akasema.

"Ameelewa?" daktari akaniuliza.

"Ameelewa."

Mzee alizikwa kesho yake. Siku ya tatu kijana alifumbua macho akasema "minzi," maji, na mama yake alipiga vigelegele wodi nzima ikageuka. Nililia nikiwa nimesimama mlangoni. Sikuingia.

Wakala hakunigombeza kwa kuvunja kufuli. Alinifukuza kwa sababu watu walirudi mbugani. Nikipita barabarani saa sita niliwaona tena, mstari mmoja, magunia kichwani, hawana miguu. Na mimi waliniogopa hata niliozaliwa nao kijiji kimoja. Baadhi walikuja kwa siri na matatizo yao, mume aliyepotea, dume lililokonda, wakisema mimi ni yule anayefungua. Wengine walikaa mbali wakisema anayefungua ndiye anayefunga. Mama yangu aliwasikia hao wa pili. Kwetu wanawake walishakatwa mapanga kwa mambo madogo kuliko hayo. Alinifungia nguo zangu kwenye kanga, akanipeleka Mwandoya kwa shangazi, na hakulia mpaka alipodhani simwoni.

Miezi kadhaa baadaye yule mama alinitafuta mpaka huko. Nilimkuta asubuhi uani kwa shangazi, ameketi chini, kuku jike amefungwa miguu pembeni yake. Tulisalimiana salamu ndefu, zote. Mwanawe yuko mzima, analima, anataka kuoa. Shimo walichimba. Kuku ni wangu, asante ya mwanawe.

Kisha akawa anachora mchangani kwa kidole. Nilijua kuna jambo lingine, kwa sababu mtu hatoki Ngulyati mpaka Mwandoya kwa ajili ya kuku.

"Kuna neno linaninyima usingizi," akasema. "Nakuuliza wewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kumuuliza. Mwanangu ulimfungulia. Nilikuona kwa macho yangu, ulilivunja, akapona. Basi kama uliweza, baba yake mbona hukumfungulia?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi, la kweli, na lingenisafisha mbele ya watu wote wa Bariadi. Niliitazama mikono yake, imepasuka kwa jembe, ile iliyoweka dawa kwenye choroko na kupika na kupakua.

"Nilichelewa, mayu," nikasema. "Kosa ni langu. Nisamehe."

Akasimama, akajipangusa vumbi, akamsogeza kuku karibu na miguu yangu.

"Mungu akusamehe," akasema. "Mimi siwezi."